Wati za Nyumba ya Mak Sarinten

Mtaa wetu hauna mtu asiyejua wati. Mtoto wa chekechea atakwambia friji ya kwao inakula ngapi na feni inakula ngapi, na wifi akija kukaa wiki moja na mashine yake ya kukaushia nywele, huulizwa namba kabla hajaulizwa habari za safari. Si ujuzi wa kujivunia, ni shida tu. Nyumba nyingi za huku pembezoni mwa mji wa Kediri, kisiwani Java, zina mita ya wati mia tisa, ile ya ruzuku, na ukizidisha kidogo tu inajikata: tak, nyumba nzima giza, na aliyekuwa bafuni na sabuni machoni anaanza kutaja watu majina. Ukitaka mita kubwa, ruzuku kwaheri. Basi tumejifunza kuishi kwa zamu. Sufuria ya umeme ya wali ikiwaka, pampu ya maji inasubiri. Pampu ikivuta, pasi inapumzika.

Wening alizaliwa ndani ya zamu hizo, na nyumba yao ndiyo ilikuwa na sheria kali kuliko zote, kwa sababu mama yake, Mak Sarinten, hupiga pasi nguo za watu. Pasi hiyo, wati mia tatu na hamsini, ndiyo iliyowalisha tangu baba mtu afariki. Ikiwa imewaka hakuna aliyegusa ukutani bila ruhusa. Jumamosi jioni ndiyo ilikuwa roho ya kazi, maana Jumapili watu wanakwenda harusini, na huku kwetu mtu haendi harusini na mkunjo. Sungkono, kaka yake Wening, aliwahi kuwasha pampu saa hiyo hiyo ya Jumamosi, akala kofi la mgongo ambalo mpaka leo, akiwa kiwandani huko Taiwan, hulitaja akipiga simu.

Lakini ninayemsema mimi ni Wening. Mwanamke wa miaka thelathini na tatu, mwembamba, hajaolewa, mwepesi wa kucheka, na tangu duka la intaneti la Koh Hwie lifungwe, kiguu na njia. Asubuhi yuko sokoni wala hana cha kununua. Mchana amesimama mlangoni. Jioni anazunguka uani anainua kifuniko cha pipa la maji, anakirudisha, anakiinua tena. Siku moja alipiga hata simu kwa wakala wa kupeleka watu kazini ng'ambo, akauliza masharti, akakata kabla hajaambiwa yote. Ukimuuliza ana nini, anakwambia hana kitu, huku mguu mmoja uko njiani.

Nisimsingizie uvivu. Kwa Koh Hwie alikuwa mwangalizi wa duka miaka mingi, anafungua yeye, anafunga yeye, anatenganisha wanaotaka kupigana. Na kila Jumamosi baada ya isha, zamu yake ikiisha, aliketi kwenye mashine ya pembeni kabisa, ile ambayo feni ya dari haiifikii, akacheza na wenzake wanne. Gemu lenyewe ni la watano kwa watano, la kuvamia ngome ya wenzenu na kulinda yenu. Wote walianzia dukani humo wakiwa shuleni. Sasa Lukito anachomelea meli Batam, mwingine anaendesha lori la makaa ya mawe Kalimantan, wawili wako Surabaya wana watoto. Jumamosi hukutana humo ndani ya gemu, kila mtu na hedifoni zake masikioni, na Wening ndiye aliyewaongoza. Wewe pita kushoto. Wewe ngoja. Usiwe na pupa, kaka. Haya, sasa. Duniani kote hapakuwa na mahali pengine ambapo watu walimngoja Wening aseme neno ndipo watende.

Halafu kila mtu akawa na simu, duka likabaki na wazee wa kuchapisha barua. Kabla ya mwezi wa Mfungo Koh Hwie akaita mnunuzi wa vyuma, mashine zikapimwa kwenye mizani kama viazi. Wening alimwomba kasha moja la kompyuta, kioo kimoja na vijiti viwili vya memori, Koh Hwie akampa, kisha akaenda nyuma ya duka akakaa huko muda mrefu.

Gemu lao halichezeki kwenye simu. Alijaribu duka lingine la mbali, lile la karibu na stesheni. Moshi wa sigara ulimkaba na umeme ukakatika katikati ya vita. Wenzake wakashindwa kwa sababu yake. Wiki iliyofuata Lukito akapiga simu.

"Mbak Wening, sisi tunakungoja mpaka baada ya Idi," akasema; Mbak ndiyo dada kwa huku kwetu. "Jumamosi ya kwanza. Usipokuwepo, yule jamaa wa Malang tuliyemweka kwa muda atakaa moja kwa moja."

"Yule anayekimbilia mbele kama kuku aliyekatwa kichwa?"

"Huyo huyo. Lakini yupo, Mbak. Wewe hupo."

Neno hilo lilimkaa. Alilala nalo, akaamka nalo, akafunga nalo saumu. Wewe hupo.

Ndipo mipango ikaanza. Alibandua karatasi za kalenda ya duka la dhahabu, miezi iliyokwisha, akaandika nyuma yake: prosesa hii, ubao mkuu ule, kadi ya picha ile, hapana, ile nyingine. Asubuhi mpango mmoja, ikifika adhuhuri ameshaufuta. Simu mkononi, anatembea kutoka jikoni mpaka barabarani akisoma bei za mitumba, anarudi, anaandika, anatoka tena. Mak Sarinten anapiga pasi ameketi kwenye mkeka, kitambaa kilicholoweshwa maji pembeni, na mwanawe anampita mbele na nyuma mpaka kizunguzungu.

"Umebadilisha tena?" Mak akauliza siku moja, macho yako kwenye kola.

"Nimeona prosesa yenye picha ndani yake, Mak. Nikichukua hiyo, kadi naweza kuingoja."

"Jana ulisema kadi kwanza."

"Jana sikuwa nimeiona hii."

"Mchagua jembe si mkulima, Nduk." Nduk ndivyo mama wa huku amwitavyo binti yake, hata binti awe na mvi. "Na mchagua wanaume pia. Yule fundi wa mabati alikuja mara mbili, ukamwambia unangoja bei ishuke."

"Sikumwambia hivyo."

"Uso wako ulimwambia. Kaa chini basi ule."

"Tumefunga, Mak."

"Kaa chini tu, hata bila kula."

Hakukaa. Mak akageuza shati upande wa pili.

Watu walimcheka, sitaki kuwaficha. Pale kwa muuza mboga za karanga walisema mwanamke wa umri ule kapanga kompyuta badala ya kupanga jukwaa la harusi, na kwamba akizaa atazaa kipanya. Wening akisikia hucheka pamoja nao, tena kwa sauti kuliko wao, kisha anaondoka haraka kuliko alivyokuja. Wacheke. Wao waliwahi kuongoza nini?

Sasa msinielewe vibaya. Fedha zake zilikuwa kidogo, kiinua mgongo cha Koh Hwie basi, lakini si rupia zilizomkosesha usingizi. Rupia unaweza kuzibana, ukanunua mtumba, ukabembeleza muuzaji. Wati hazibembelezwi. Jumamosi jioni pasi inakula yake, friji yake, taa zake, na kinachobaki ndicho mashine yake ilipaswa kutosheka nacho. Watu wengine hupanga kompyuta wakitafuta yenye nguvu. Huyu alikuwa anatafuta isiyo na tamaa. Kila alichokichagua alikiuliza kwanza unakula ngapi, na mipango mizuri mingapi aliipasua kwa sababu hiyo, Mungu ndiye ajuaye. Alikwishaapa moyoni kwamba pasi ya Mak haitazimwa hata dakika moja kwa ajili ya gemu. Kumwambia Mak kiapo hicho, hakumwambia. Kungetaka kukaa kitako robo saa, na kitako ndicho alichokuwa hana.

Kadi ya picha aliipata kwa jamaa mmoja wa Nganjuk, wakakubaliana kukutana uso kwa uso mbele ya kituo cha mafuta, mkono kwa mkono, ndivyo wanavyouziana huku wasiojuana. Jamaa alifika na helmeti kichwani, hakuivua.

"Haijawahi kuchimba hii?" Wening akauliza. Kuna watu huzitesa kadi hizi mchana na usiku kuchimba sarafu za mtandaoni, zikichoka ndipo wanaziuza.

"Kuchimba wapi, Mbak. Ilikuwa ya mpwa wangu, anacheza tu jioni baada ya masomo."

Wening akaigeuza, akatazama vichwa vya skrubu, akainusa. "Mpwa wako halali?"

"Analala."

"Basi kadi hii haijalala. Inanuka sufuria iliyosahauliwa jikoni. Na hizi skrubu zimefunguliwa na mtu mwenye haraka."

Jamaa akacheka ndani ya helmeti. "Mbak ni wa duka gani?"

"Duka limefungwa. Nipunguzie, niende zangu."

Akampunguzia. Wening aliichukua akijua imechoka, kwa sababu kadi ya aina ile haina waya wake wa umeme, inanyonya kidogo kidogo kutoka kwenye ubao mkuu kama ndama aliyeshiba. Alirudi na pikipiki huku kaificha tumboni ndani ya koti, joto la mwezi wa Mfungo likimtoa jasho, na njia nzima aliogopa jasho litaipata.

Kitu kimoja tu hakutaka cha mtumba: pawa saplai, lile sanduku la chuma linalogawa umeme kwa vyote vilivyomo ndani ya kompyuta. Bovu likilipuka linawazika na wenzake. Alitaka dogo, lakini kwenye mnada wa mtandaoni wa kuelekea Idi, sanduku kubwa lilikuwa rahisi kuliko dogo, mambo ya wafanyabiashara hayo, akachukua kubwa. Kubwa halidhuru. Sanduku linaloweza kutoa wati mia sita na hamsini halizili. Linatoa tu kile kinachoombwa. Kila mwangalizi wa duka la intaneti anajua hilo, na Wening alilijua kiasi kwamba hakufikiri kuna mtu asiyelijua.

Mzigo ulipoletwa, Mak ndiye aliyeupokea. Wening alitoka chumbani na bisibisi mdomoni, anakwenda kununua dawa ya kupozea prosesa, ile nyeupe kama dawa ya meno. Mak alikuwa amevaa miwani, boksi mapajani, anafuata maandishi kwa kidole. Ubavuni kulikuwa na namba imechapwa kubwa kama ya basi.

"Nduk, hii mia sita na hamsini ni wati?"

"Wati, Mak."

"Za hii mashine yako?"

"Ndiyo yake. Nzuri hiyo, imara." Alikuwa ameshapanda pikipiki.

"Na utaiwasha Jumamosi jioni."

"Kila Jumamosi, Mungu akipenda. Narudi sasa hivi, Mak."

Akapiga kiki akaondoka. Aliporudi boksi lilikuwa juu ya kitanda chake, limefutwa vumbi.

Alianza kuunganisha siku ya pili ya Idi, wageni wakiingia na kutoka, wajomba wakimruka miguu na sahani za wali wa majani mikononi. Kila mmoja alikuwa na la kusema. Mmoja alisema afadhali angenunua ng'ombe. Wening anaitikia ndiyo mjomba, ndiyo shangazi, nisamehe makosa yangu ya mwaka mzima, anabusu mkono, anarudi kwenye skrubu zake. Alasiri alichomeka, akabonyeza. Feni zikazunguka. Kioo kikabaki cheusi.

Alichomoa akachomeka, akabadili waya, akabonyeza tena. Cheusi. Siku tatu zilibaki kufika Jumamosi, na ile kadi ya Nganjuk ilikuwa inamtazama. Alitoka nje, akazunguka nyumba, akaingia, akatoka tena, akazunguka upande mwingine. Alijiambia yule jamaa wa helmeti kamuua. Alijiambia Lukito alisema kweli. Mara ya tatu ya kuzunguka akakumbuka vijiti vya memori vya Koh Hwie, miaka mingapi vimekaa kwenye moshi wa sigara. Akamwomba mtoto wa jirani kifutio cha penseli, akasugua meno ya shaba ya vijiti hivyo kama mtu anayesugua pete, taratibu, kwa mara ya kwanza mwezi mzima mikono yake ikaenda taratibu. Akabonyeza. Kioo kikawaka.

Alikaa sakafuni akafunika uso, mabega yakimcheza, na shangazi aliyepita na kikombe cha chai akadhani analia kwa ajili ya marehemu baba yake, akamwombea.

Kesho yake akaazima kwa Koh Hwie kile kidude cha kuchomeka ukutani kinachopima wati. Akafungua gemu, akaipeleka mashine mpaka ikaguna. Kidude kikasoma mia moja na themanini, na kioo kikiwemo. Nusu ya pasi tu, na ushee. Vyote viwili vingewaka Jumamosi jioni, pasi na mashine, na bado taa ya choo ingepata chake. Aliinuka mbio kwenda kumwambia Mak. Mak hakuwepo, kaenda kwa Kasiatun, mama mdogo wa nyumba ya tatu, wakasema, na furushi kichwani. Wening akasimama mlangoni kidogo. Kisha simu ikalia, Lukito anataka kujua kama kweli, naye akarudi ndani, na lile la kumwambia Mak likapotelea humo humo.

Jumamosi ikafika. Baada ya isha Wening alikaa mezani, hedifoni masikioni. Mkeka wa Mak ulikuwa umekunjwa. Mak mwenyewe ameketi barazani anajipepea.

"Hupigi pasi leo, Mak?"

"Sina nguo. Baada ya Idi watu hawana harusi."

Hapo ndipo ninapotaka kumshika Wening masikio. Mtoto aliyekulia chini ya pasi, na haoni uongo huo? Mwezi wa Mfungo ndio usio na harusi. Mfunguo Mosi, Idi ikishapita, watu huoana kama kwamba kesho imepigwa marufuku. Mahema yanaziba barabara, na Mak Sarinten miaka yote huinamia pasi mpaka mgongo ukawa hauelewi kunyooka. Lakini masikioni mwake Lukito alikuwa ameshasema, "Mbak, upo?" naye alikuwa ameshajibu, na mtu akiitwa mahali alipopakosa muda mrefu husikia huko tu.

Walishinda. Walishinda mara mbili na kushindwa mara moja, na ile ya kushindwa walicheka zaidi. Wewe pita kushoto. Wewe ngoja. Sauti yake ilikuwa imetulia hata yeye mwenyewe akaisikia. Yule wa Kalimantan alisema jamaa wa Malang ni mtu mzuri lakini kucheza naye ni kama kubeba gunia la mchele juu ya ngazi. Wiki ile yote Wening alikaa. Alikula ameketi. Alimsaidia Mak kumenya vitunguu mpaka mwisho wa kapu, akapata na kazi ya vipindi kwenye duka la kuchapisha karatasi. Mak alimtazama na kutabasamu, na mchuzi wa wiki hiyo haukuwa na tempe, ile soya ya kuchachushwa, ila Jumatano, Wening akadhani ni uchovu wa vyakula vya Idi.

Jumamosi ya pili, magharibi ikishapita, alikuwa anamwagia mbilimbi maji mbele ya nyumba alipomwona Bu Endang, mwalimu, anakuja na nguo mkononi kwenye hanga, kebaya yake ya harusini ya rangi ya zambarau na shati la batiki la mumewe. Wening akafungua lango dogo. Bu Endang akamsalimu vizuri sana, macho pembeni, akapita. Akaenda nyumba ya tatu, akagonga kwa Kasiatun.

Wening aliacha bomba likimwaga maji. Kwa Kasiatun mlango ulikuwa wazi, na ndani, kwenye kamba, zilining'inia nguo za watu anaowajua tangu utoto: mashati ya Pak Lurah mkuu wa mtaa, ile suti ya kijivu ya mwenye duka la mbolea, gauni la mke wa mchinjaji. Wateja wa Mak wote, toka wa kwanza hadi wa mwisho. Pasi mbili zilikuwa zimesimama wima mezani.

"Mama mdogo," Wening akasema, "hizi nguo zimefikaje hapa?"

Kasiatun hakuwa mtu mbaya. Aliweka pasi chini, akajifuta mikono. "Mama yako kazileta mwenyewe, siku ya tatu ya Idi. Akasema mgongo umemchoka, hawezi tena Jumamosi. Nikamwambia dada, huu ni Mfunguo Mosi, mgongo gani unaochagua kuchoka msimu wa harusi? Akaweka furushi tu. Na ukimnyima mtu Jumamosi, Wening, hakuletei Jumatatu. Unajua watu. Wakahamia wote."

"Mgongo haukumuuma."

"Najua haukumuuma. Aliniambia mwishoni, akiwa mlangoni, kwamba mashine yako inakula mia sita na hamsini na pasi inakula mia tatu na hamsini, na mita yenu mwisho wake ni mia tisa. Akaniuliza mimi, ningefanyaje. Usinitolee macho, mwanangu. Nimeshanunua pasi ya pili, na mume wangu nimemwajiri."

Wening alirudi nyumbani kwa kutembea. Maji ya bomba yalikuwa yamejaa mpaka barabarani. Aliyafunga. Mak alikuwa jikoni anapoza chai, akamwona uso, akajua.

"Mak, ile namba ni mzigo ambao lile sanduku linaweza kubeba," Wening akasema. "Si inachokula. Inakula mia moja na themanini. Nilipima. Nilipanga kila kitu ili pasi yako isizimwe. Mwezi mzima, Mak, kadi ya picha nilichagua kwa ajili hiyo, kila kitu."

Mak Sarinten aliweka kikombe chini. Alihesabu kimya kimya, midomo ikicheza. Hesabu hizo haoni taabu nazo. "Kwa hiyo vingewaka vyote viwili," akasema.

"Vyote viwili."

"Na friji."

"Na friji."

Mak akacheka kidogo, puani, kisha kicheko kikamwishia. "Nilikuuliza, Nduk."

"Najua."

"Nilikuuliza kama ni wati, ukasema wati. Nikakuuliza kama ni za mashine, ukasema ndiyo yake."

"Najua, Mak. Sikukaa nikakusikiliza." Akalia hapo, wazi, kamasi na machozi, mwanamke mzima. "Nitakwenda kwa mama mdogo nimpigie magoti. Nitakwenda kwa Bu Endang, kwa Pak Lurah."

"Huendi. Nguo nilizipeleka kwa mikono yangu. Niende leo niseme mgongo umepona? Maji yakimwagika hayazoleki."

"Basi naiuza. Kesho naiweka mtandaoni. Tununue pasi nzuri, tuanze upya na watu wa mtaa wa pili."

Hapo ndipo Mak alipokasirika. Mtu mpole akikasirika hujui uangalie wapi. "Uuze nini?" akasema. "Ulipokuwa unazunguka nyumba hii kama kuku anayetafuta pa kutaga, unadhani nilikuwa nimelala? Nilikusikia unampigia simu yule wakala. Uliuliza mkataba ni miaka mingapi. Mimi nilikuwa hapa, nyuma ya pazia hili, nimeshika suruali ya mtu."

Wening akajifuta uso kwa mkono wa nguo.

"Kaka yako alizunguka hivyo hivyo," Mak akasema. "Miezi miwili anazunguka, wa tatu yuko kwenye ndege. Sasa ninaye kwenye simu, Jumapili, anacheka kidogo anakata. Mtoto mmoja kwenye simu anatosha. Nilipoona hilo dude linakukalisha, nikasema likitaka mia sita, lichukue. Likitaka pasi, liichukue. Ungeniambia wati elfu ningezima hata taa."

Msikitini waliadhini isha. Mama na mwana waliisikiliza adhana, kama inavyotakiwa, mpaka ikaisha. Kutoka chumbani, kwenye zile hedifoni zilizokuwa zimewekwa juu ya meza, ikatoka sauti ndogo ya mwanamume.

"Wanakuita," Mak akasema.

"Leo siwezi, Mak."

"Utaweza. Nenda ukae. Nimeshalipa, usinipotezee."

Wening akaenda, akaketi. Mak akamfuata na chai yake, akavuta kigoda akakaa nyuma yake, mikono mapajani haina la kufanya. Kioo kiliwaangaza wote wawili.

"Mbak Wening?" Lukito akasema. "Upo?"

Wening akazivaa hedifoni.

"Nipo," akasema.